Mazungumzo ya Afya Nyumbani: Moyo Uendao Mbio kwa Mama wa Makamo

Leo nataka tuzungumze jambo ambalo akina mama wengi walijua, lakini ni wachache walisemao: ni habari ya moyo kwenda mbio katika miaka ile ambayo damu ya mwezi inakaribia kukoma. Najua ya kuwa kurasa hizi husomwa barazani, mmoja akisoma na wengine wakisikiliza, hata watoto wakiwapo. Msomaji akiona haya kuyasoma haya kwa sauti, na amwachie mama ayasome mwenyewe. Lakini asiukunje ukurasa na kuuweka kando, maana ndani yake mna jambo la uzima.

Karibu na nyumbani kwangu yuko mama mmoja, mwalimu wa watoto wadogo, na mumewe ni mwalimu pia. Wakati huo umri wake ulikuwa miaka 49. Usiku mmoja aliamka ghafla, nguo zimemlowa jasho, na moyo ukimdunda kama mtu apigaye mlango kwa ngumi. Akakaa kitako kitandani, mkono kifuani, asimwamshe mumewe, hata moyo ukatulia. Akadhani yamekwisha. Siku ya nne yakarudi. Na juma lililofuata yakamjia mchana, darasani, chaki i mkononi, ikambidi kushika meza na kuwaambia watoto wasome kimya.

Hakumwambia mtu. Mwaka ule jirani yetu mmoja alikuwa amefariki ghafla, na mama huyu akaona kuwa sasa ni zamu yake. Akafungua sanduku lake la nguo, akazigawa kanga zake mafungu 3, kila fungu la binti mmoja, akayafunga kwa uzi. Mumewe alipoyaona yale mafungu akauliza, naye akajibu, "Nazipanga tu." Mwalimu yule hakuridhika. Alfajiri alikuja kwangu, akasema, "Shemeji, mwenzio ana neno, nami siwezi kulitoa kinywani mwake." Basi nikaenda. Tulipobaki sisi wawili, akaniuliza neno moja tu: "Dada, mtu mwenye moyo kama huu huishi muda gani?"

Mimi nilikuwa mwuguzi miaka mingi, na swali lile nilikwisha kulisikia kwa wengi, kila mmoja akidhani kuwa ndiye peke yake. Kwa hiyo nawaandikia hapa yale niliyomweleza yeye, pamoja na mengine aliyoelezwa na tabibu baadaye.

JAMBO LENYEWE NI NINI?

Moyo wa mtu mzima hupiga kama mara 100,000 kwa siku moja, usiku na mchana, wala mwenyewe hausikii. Tukiusikia ndipo tushtukapo. Hali hii wenyeji wa pwani huiita kiherehere cha moyo, nayo haifanani kwa watu wote. Huyu huona moyo unakwenda mbio kama aliyetoka kukimbia, ijapokuwa ameketi. Yule huona kana kwamba umeruka pigo moja, kisha ukapiga pigo zito. Mwingine huona kama ndege apapatikaye kifuani au kooni.

Lile pigo lionekanalo kuwa limerukwa huwaogofya wengi, nalo lina maelezo mepesi. Pigo moja limewahi kabla ya wakati wake. Kisha moyo hungoja kidogo, na katika kungoja huko hujaa damu zaidi kuliko desturi. Kwa hiyo pigo lifuatalo huwa na nguvu, na ndilo tulisikialo. Watu wengi wenye moyo mzima hupatwa na mapigo ya namna hii mara kwa mara, wanaume kwa wanawake.

KWA NINI KATIKA UMRI HUU?

Wanawake walio wengi damu yao ya mwezi hukoma kati ya miaka 45 na 55. Twasema kuwa imekoma kabisa pale miezi 12 mfululizo ipitapo bila kuonekana, wala hakuna sababu nyingine. Lakini kabla ya siku hiyo kuna kipindi cha miaka kadhaa cha mageuzi: mwezi huu damu huja mapema, mwezi ule hukawia, pengine huja nyingi, pengine matone tu. (Mama wa umri huo asidhani kila damu inapokawia kuwa imekoma; mimba bado yaweza kupatikana. Na kwa yule ambaye damu yake imekoma kabla ya miaka 45, yafaa aonane na tabibu, kwa kuwa hiyo ni mapema kuliko kawaida.)

Katika kipindi hicho vifuko vya mayai hupunguza kazi yao, na ile homoni iitwayo estrojeni, ambayo ilitoka kwa taratibu tangu usichana, sasa hupanda na kushuka pasipo mpango. Estrojeni si ya kizazi peke yake. Hugusa pia mishipa ya damu, mifupa, usingizi, na zile neva ziongozazo mwendo wa moyo.

Tena ubongoni iko sehemu ndogo ipimayo joto la mwili. Estrojeni ikiyumba, sehemu ile hudanganyika upesi. Hudhani mwili umepata joto kupita kiasi, na kumbe sivyo. Ndipo inapoamuru mishipa ya ngozi ipanuke, jasho litoke, na moyo uongeze mapigo ili damu ifike ngozini ikapoe. Mama huona joto likimpanda kifuani, shingoni na usoni, moyo ukimdunda, kisha baada ya dakika chache hutulia, pengine akaona baridi. Jambo hili likija usiku, humwamsha. Asubuhi huamka amechoka, hunywa chai kali au kahawa ili apate nguvu, na vile vinywaji navyo huuongezea moyo mbio. Juu ya hayo yote huja hofu. Hofu huuharakisha moyo, na moyo ukiharakisha huongeza hofu, hata mtu asijue lililoanza ni lipi.

Kwa hiyo nilimjibu jirani yangu hivi: "Mwenzangu, walio wengi wenye jambo hili huishi hata wakawa bibi vizee wenye wajukuu. Lakini sitakuambia kuwa si kitu mpaka upimwe." Maneno hayo mawili hayapingani, nami nitaeleza sababu yake.

MAKOSA MAWILI

Kuna makosa mawili katika habari hii. La kwanza ni la yule mama: kudhani mara moja kuwa ni mauti, au kuwa mtu amekutenda. Wako waliopeleka fedha ya karo ya watoto kwa mpiga ramli, wakarudi na jina la jirani, na moyo ukaendelea kwenda mbio vile vile, na ujirani ukavunjika.

Kosa la pili ni baya sawasawa, nalo ni kusema, "Ni umri tu." Nilimjua mama mwingine wa miaka 47. Kila alipolalamika kuwa moyo wakimbia, aliambiwa, "Mama, ni umri, utazoea." Naye akajaribu kuzoea. Kumbe kila mwezi damu ilimtoka siku 10, tena kwa mabonge. Akawa akipanda kilima kidogo cha kwenda sokoni husimama mara tatu kutafuta pumzi. Siku moja binti yake akatazama ulimi wake na kucha zake, akaona zimepauka. Damu ilipopimwa ilikuwa 6, na mwanamke asiye na mimba haifai iwe chini ya 12. Alikuwa na uvimbe katika kizazi. Moyo wake haukuwa na kosa lo lote. Ulikimbia kwa sababu njema, maana damu ilikuwa haba, basi uliizungusha upesi ili imtoshe. Alitibiwa, akapona. Lakini kama angeendelea kuzoea, sijui kama angekuwapo leo.

Sababu nyingine ziwezazo kujificha nyuma ya neno "umri" ni hizi. Ile tezi ya mbele ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi, moyo hukimbia, mikono hutetemeka, mwili hukonda ijapokuwa mtu anakula, na joto humsumbua. Dalili hizo zafanana sana na za kukoma hedhi, lakini dawa zake ni nyingine. Ziko pia vali za moyo zilizoharibika tangu utoto kwa ugonjwa wa baridi yabisi uliofuata maumivu ya koo yasiyotibiwa, jambo lisilo geni katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki. Uko mwendo wa moyo usio na utaratibu, ambao vyumba vya juu vya moyo hutetema badala ya kupiga. Huo waweza kufanya damu igande na kuleta kiharusi. Iko homa, uko upungufu wa maji mwilini, iko sukari iliyoshuka kwa mwenye ugonjwa wa kisukari. Na ziko dawa: dawa ya pumu ya kuvuta, baadhi ya dawa za mafua zizibuazo pua, na dawa ya tezi ikizidi kipimo. Ukiwa unazitumia, usiziache kwa shauri lako mwenyewe, mwambie tabibu.

JIFUNZE KUHESABU MAPIGO

Kila nyumba yenye saa yaweza kujifunza jambo hili, na walimu wanaweza kulifundisha kwa robo saa. Keti, upumzike dakika 5. Geuza kiganja cha mkono wa kushoto kitazame juu. Kwa kidole cha shahada na cha kati cha mkono wa kulia, gusa kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, mpaka uone mshipa unapiga. Usitumie kidole gumba, maana nacho kina pigo lake, kitakudanganya. Hesabu mapigo kwa muda wa dakika 1 nzima.

Mtu mzima aliyetulia moyo wake hupiga mara 60 hata 100 kwa dakika. Jambo la kwanza ni hesabu. La pili ni utaratibu. Je, mapigo yafuatana sawasawa kama hatua za mtu atembeaye njia nyofu? Au ni sawasawa ila mara moja moja moja huwahi? Au hayana mpango kabisa, kama hatua za mlevi? Hali hii ya tatu imwone tabibu upesi, hata kama hakuna maumivu.

Kisha chukua daftari, uandike: tarehe na saa, ulikuwa ukifanya nini, mapigo yalikuwa mangapi, yalianza ghafla au polepole, na yalikoma vipi, yalidumu dakika ngapi, kama joto na jasho vilikuwapo, ulikula au kunywa nini, na siku za damu ya mwezi. Andika hivyo majuma 2 au 3. Daftari la namna hii lina thamani kubwa mbele ya tabibu, kwa kuwa mara nyingi moyo hutulia kabla mgonjwa hajafika mlangoni, naye akabaki hana la kuonyesha.

WAKATI WA KUTONGOJA

Ziko hali ambazo mtu asingoje daftari wala asingoje kuche. Apelekwe hospitali mara moja:

Ikiwa pamoja na mbio za moyo kuna maumivu au kubanwa kifua, au maumivu yaendayo mkononi, shingoni au tayani;

Ikiwa amezimia, au ameona giza machoni karibu kuzimia;

Ikiwa anakosa pumzi naye ametulia;

Ikiwa mapigo yamepita 120 naye ameketi, wala hayatulii;

Ikiwa uso umepinda upande mmoja, mkono umelegea, au maneno yamevurugika.

Tena wako wasio wa kukimbizwa usiku, lakini wasicheleweshe: mama ambaye moyo humwenda mbio akiwa katika kazi ya nguvu, mwenye miguu ivimbayo, mwenye ndugu wa damu aliyekufa ghafla angali kijana, mwenye shinikizo la damu au kisukari, na mwenye damu nyingi ya mwezi. Na neno moja zaidi, wala msilisahau: damu ikitoka tena baada ya kukoma miezi 12, hata tone moja, haifai kuitwa jambo la kawaida. Na ipimwe.

TABIBU ATAFANYA NINI?

Wengi hukawia kwa kuogopa vipimo, na kumbe vilivyo vingi haviumi. Tabibu atauliza maswali, atapima shinikizo la damu, atatazama macho na shingo, kisha atasikiliza kifua. Kile chombo cha kusikilizia kifua chenyewe kilianza kwa ajili ya msichana mwenye dalili za ugonjwa wa moyo. Mwaka 1816, huko Ufaransa, tabibu mmoja jina lake René Laennec aliona si adabu kuweka sikio lake kifuani pa msichana yule. Akakunja karatasi ikawa kama bomba, akasikiliza kwayo, akashangaa kusikia moyo waziwazi kuliko alivyowahi kuusikia. Basi tangu mwanzo wake chombo hiki kililinda heshima ya mwanamke. Mama asione haya mbele yake.

Kisha damu itapimwa kwa wingi wake, na kwa kazi ya ile tezi ya shingoni. Na kipimo kikubwa ni cha umeme wa moyo. Mgonjwa hulala, hubandikwa waya kifuani na viungoni, na kwa dakika chache mwendo wa moyo huandikwa katika karatasi kama vilima na mabonde. Waya zile haziingizi umeme mwilini. Zapokea tu ule umeme mdogo ambao moyo wenyewe huutoa. Aliyefanya kipimo hiki kifae kwa kazi ya tiba ni Willem Einthoven wa Uholanzi, naye alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1924 kwa kazi hiyo. Ikiwa moyo umetulia saa ya kupimwa, mgonjwa aweza kuvishwa chombo kidogo akakaa nacho mchana na usiku katika shughuli zake. Mwenye haja ya uchunguzi zaidi hupelekwa kwa mabingwa wa moyo. Katika Tanzania iko Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015.

MOYO UKIANZA, FANYA HIVI

Kwanza, keti au ulale. Usiendelee na kazi kwa ushupavu. Kama u jikoni, toka motoni. Legeza nguo ya kifuani na shingoni. Pili, vuta pumzi kwa pua taratibu ukihesabu hata 4, uitoe taratibu ukihesabu hata 6, tumbo likishuka. Rudia kwa dakika 5. Ni kama pumzi 6 kwa dakika moja, nayo huzituliza zile neva ziuharakishazo moyo. Tatu, kunywa maji baridi kidogo kidogo, na ujifute uso na shingo kwa kitambaa kilicholowa. Nne, hesabu mapigo, uandike. Kuhesabu huku kuna faida mbili: humpa tabibu habari, nako humpa mgonjwa kazi ya kufanya badala ya kukaa na kuogopa. Usijikande wala usijibonyeze shingo ati uuzuie moyo. Kuna hatari ndani yake.

Kwa siku zote, yafaa kupunguza kahawa, chai kali, soda za kola na vile vinywaji viitwavyo vya kuongeza nguvu. Jaribu kuviacha majuma 2, uone kama daftari labadilika. Tumbaku ya namna yo yote, pombe na mirungi huuharakisha moyo. Hivyo si vya kupunguza bali vya kuacha. Usile chakula kingi sana usiku. Chumvi ya siku nzima isipite gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo katika vyakula vya kununua. Mwenye upungufu wa damu asinywe chai pamoja na chakula wala na vidonge vya madini ya chuma, kwa kuwa chai huyazuia yasiingie mwilini. Lala kwa nguo nyepesi za pamba, dirisha lipitishe hewa, na chandarua kiwepo. Na tembea kwa miguu kwa mwendo wa haraka nusu saa, siku 5 kwa juma. Mama atasema, "Mimi hutembea kutwa, jikoni na shambani." Ni kweli, na kazi hiyo ni njema, lakini mwalimu aketiye darasani na mezani, hiyo nusu saa yampasa.

Haya yote yana sababu nyingine kubwa zaidi. Baada ya hedhi kukoma, mwanamke hupoteza sehemu ya kinga aliyokuwa nayo, na hatari ya maradhi ya moyo huongezeka. Shinikizo la damu hupanda pasipo kelele. Kwa hiyo moyo uendao mbio, hata ukionekana kuwa hauna ugonjwa, na uwe kama mbiu ya kumwita mama apime shinikizo lake. Likikutwa limefika 140 kwa 90 au zaidi, tena likapimwa siku nyingine na kukutwa vile vile, latakiwa kutibiwa.

KWA HABARI YA DAWA

Wengine watauliza juu ya dawa za homoni. Ni kweli ziko, nazo hutuliza sana lile joto la ghafla na jasho la usiku, na mbio za moyo zifuatanazo na joto hilo huenda zikapungua pamoja nalo. Mwaka 2002 watu wengi waliziogopa, kwa kuwa katika utafiti mmoja mkubwa wa Marekani wale waliopewa homoni mbili pamoja walionekana kupatwa na saratani ya matiti, kiharusi na kuganda kwa damu zaidi kidogo kuliko wenzao. Lakini wastani wa umri wa wanawake wale ulikuwa miaka 63. Leo matabibu huona kuwa kwa mwanamke mwenye afya aliye chini ya miaka 60, au ambaye hedhi yake haijapita miaka 10 tangu kukoma, mara nyingi faida hushinda hatari, mradi apimwe kwanza. Hazimfai aliyewahi kupata saratani ya matiti, kiharusi, mshtuko wa moyo au damu kuganda miguuni au mapafuni. Na mwenye kizazi hapewi estrojeni peke yake. Kwa hiyo si dawa za kununua dukani kwa kusikia fulani amepona. Vivyo hivyo na mizizi na majani: ukitumia, mwambie tabibu usimfiche, maana nayo yaweza kugombana na dawa.

NENO KWA WAUME NA WALIMU

Ninyi akina baba, mke wako akiamka usiku na kuketi kitandani, usijifanye umelala. Amka, washa taa, mletee maji, mshike mkono umhesabie mapigo. Usicheke joto lake wala usilinene mbele ya wageni. Kupungua kwa usingizi kwaweza kumfanya mwepesi wa kukasirika. Hapo si wakati wa kuhesabiana makosa. Na fedha ya kipimo usiiweke nyuma ya mambo yote. Nanyi walimu wakuu, mwalimu wa kike akiomba dakika chache atoke darasani kwenye hewa, mpeni, wala msimwite mvivu.

Nanyi binti za watu, watazameni mama zenu. Yule mama wa pili aliokolewa na binti yake aliyeutazama ulimi.

Sasa nimalizie habari ya jirani yangu. Mumewe alimpeleka hospitali wiki ile ile, daftari mkononi. Damu ilikuwa 12 na nusu, tezi njema, umeme wa moyo mwema. Shinikizo ndilo lililokutwa limepanda, 150 kwa 95, na lilipopimwa tena siku nyingine likawa juu vile vile. Yeye hakujua habari zake kabla ya siku ile. Akapewa dawa ya shinikizo, akaacha kahawa ya asubuhi kwa shida sana, na jioni huonekana barabarani na mumewe wakitembea upesi kama wenye safari. Moyo bado humwenda mbio mara moja moja. Yeye huketi, huvuta pumzi, huhesabu, huandika, kisha huendelea na kazi.

Juzi nilipita kwake. Lile sanduku lilikuwa wazi, na yale mafungu 3 yamefunguliwa, kanga zimeanikwa juani kutoa harufu ya kukaa. Moja alikuwa ameivaa. Nikamwuliza, "Na mabinti je?" Akasema, "Wangoje."